Kushuka Gia Kunataka Nguvu: Tuliyojifunza Kwenye Mteremko wa Bururi



Ndugu wazazi, vijana na wanafunzi wetu wapenzi, leo mtuwie radhi, kwani hatutaandika juu ya ratiba ya masomo wala mitihani ya madrasa kama ilivyo kawaida yetu. Leo tutaandika juu ya pikipiki. Tunajua wapo watakaocheka na kusema, "Ustadhi naye amekuwa motari siku hizi?" Wacheke tu, maana hata mama watoto alicheka tulipomwambia. Lakini wakifika mwisho wataona kwamba jambo lenyewe si la kuchekesha, kwani lilikaribia kutuchukulia mtoto. Na ndani yake tumejifunza jambo la ualimu ambalo hatukulijua kwa miaka zaidi ya 20 ya kusomesha.

NJIA YETU NA PIKIPIKI YETU

Kwa wale wasomaji wetu walio mbali, sisi tunasomesha hapa Rumonge, kandokando ya Ziwa Tanganyika, kilomita 75 hivi kusini mwa Bujumbura. Ni mji wa mawese, wa ndagala na mukeke, na barabara kuu iendayo Nyanza-Lac na mpaka wa Tanzania inapita hapa hapa kwetu. Ukifuata ziwa, njia si ngumu sana kwa pikipiki. Lakini ukigeuka mashariki kuelekea Bururi, basi unaanza kupanda. Ziwa letu lipo mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, na mji wa Bururi upo juu ya ziwa kwa takriban mita 1,000 zaidi. Unaondoka kwenye joto na michikichi, unapita migomba na mihogo, na ukifika juu unatafuta koti. Kupanda kuna taabu yake, lakini hatari yenyewe imo katika kurudi.

Pikipiki yetu tuliinunua mwaka 2019 mkononi mwa mtu. Ni ile pikipiki ndogo ya gia 4 ambayo nyote mnaifahamu, kwani nusu ya motari wa nchi hii wanayo mfano wake. Tulijifunza kuiendesha jioni mbili tu kwenye uwanja wa mpira. Tulijua kuiwasha, kuiondoa, kupandisha gia na kusimama. Tukaona yatosha. Umri wetu ulikuwa umekaribia miaka 40, na mtu wa umri huo, tena anayeitwa mwalimu kila anapopita, huona haya kumwomba kijana amfundishe kitu. Hilo ndilo kosa letu la kwanza, na tunaliandika hapa ili vijana walione na watu wazima wenzetu walione zaidi.

Kila Jumamosi tulikuwa tukipanda upande wa Bururi kuwasomesha watoto wa jamaa zetu wachache walioko huko, kisha jioni tunateremka.

SIKU YA MTEREMKO

Mnakumbuka shida ya esansi, yaani petroli, iliyotukamata miaka hii. Mwaka 2024 ilikuwa kali zaidi, lakini hata kabla ya hapo mtu aliweza kulala kwenye foleni na asubuhi akarudi nyumbani na tangi tupu. Basi kila mtu akatafuta namna ya kubana matumizi. Sisi tukaiga tuliyoyaona kwa wengine: tukianza kuteremka tunaiondoa pikipiki kwenye gia na kuiacha itelemke yenyewe. Vijana wanaita kuteremka na fri. Injini inanguruma kidogo tu, na wewe unaona umeokoa esansi.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi 2023 tulikuwa tukirudi, na nyuma yetu amekaa mwanetu wa kiume wa miaka 9. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na lami ilikuwa bado imelowa. Tuliteremka na fri kama kawaida, mguu wa kulia umekandamiza breki ya nyuma muda wote. Breki ya mbele hatukuigusa, kwani tulikuwa tumesikia kwamba humrusha mtu juu ya usukani.

Tulipokata kona moja, tukaiona Probox imesimama katikati ya njia, watu wanapakia migomo ya ndizi. Tukakandamiza breki ya nyuma zaidi, na hapo ndipo tulipojua kwamba ilikuwa imekwisha kuchoka. Breki ile ni ya dramu. Ikisuguliwa muda mrefu inapata moto, na ikipata moto haishiki tena kama ilivyokuwa inashika juu ya mlima. Tukaona itatupeleka moja kwa moja kwenye ile gari. Katika hofu ile tukakumbuka kwamba gia hupunguza mwendo. Tukaminya klachi, tukakanyaga gia kwa nguvu, tukaiachia klachi mara moja.

Ilikuwa kana kwamba mtu ametia fimbo kwenye spoku. Tairi ya nyuma ilikataa kuzunguka, ikapiga kelele, ikaanza kutupita upande wa kushoto. Tukaanguka upande wa kulia, tukaburuzika, tukaishia hatua chache kutoka kwenye Probox. Sisi tulichunika goti na kiganja. Mwanetu alivunjika mkono. Hakulia. Alikaa barabarani akiushika mkono wake, akatuuliza, "Baba, pikipiki imeharibika?"

Ndugu zetu, swali lile bado tunalisikia.

ALIYETUOKOTA

Wakati watu wa Probox wanatuinua, nyuma yetu akatokea motari mmoja ana abiria. Akasimama, akamshukisha abiria wake kwa adabu na kumwomba asubiri, akamwangalia mtoto, akavua kitambaa chake akamfungia mkono usitikisike. Kisha akasema, "Ustadhi, mtoto nitamchukua mimi polepole mpaka hospitali. Wewe panda hiyo gari, utukute huko."

Aliposema Ustadhi kwa sauti ile, tukamtazama vizuri na tukamtambua. Alikuwa mwanafunzi wetu wa zamani. Jina lake hatutalitaja, kwani mwenyewe hapendi. Alifanya kazi ya pikipiki Bujumbura mpaka mwezi wa Machi 2022, pikipiki zilipozuiwa kuingia katikati ya mji ule, naye kama wengine akarudi nyumbani kutafuta riziki. Tulikuwa hatujaonana naye uso kwa uso tangu alipokuwa mtoto, na sababu yake tutaieleza mbele.

Alhamdulillahi, mfupa uliunga. Baada ya wiki mbili kijana yule alikuja kumwangalia mtoto. Alipokwisha kunywa chai, akatoka nje akaizunguka pikipiki yetu, akaangalia cheni, akaangalia tairi. Kisha akauliza kwa upole, "Ustadhi, unafahamu kwa nini ulianguka?"

Tukamwambia barabara ilikuwa na maji.

"Barabara ilikuwa na maji kwangu pia," akasema.

Hatukuwa na jibu. Basi akakaa chini akatufundisha, na tukawa sisi wanafunzi wake.

GIA INAFANYA NINI

Tunaandika alivyotueleza, pamoja na yale tuliyoyahakikisha baadaye kwa mafundi, ili mwenye kijana wa pikipiki nyumbani amsomee.

Injini na tairi ya nyuma vimeunganishwa kwa gia na cheni. Kila gia ina hesabu yake. Kwenye gia ya juu, injini inazunguka kidogo na tairi inakwenda sana. Kwenye gia ya chini, injini lazima izunguke sana ili tairi iende mwendo ule ule. Tuchukue mfano. Unakwenda kilomita 40 kwa saa kwenye gia ya 3, na injini inazunguka mara 4,500 kwa dakika. Kwa mwendo huo huo, ukiwa kwenye gia ya 2, injini itatakiwa izunguke kama mara 6,000. Mwendo wa tairi haujabadilika hata kidogo, ila injini imetakiwa kuongeza 1,500.

Sasa, wengi wetu tunafanya hivi: tunafunga mafuta, tunaminya klachi, ambayo mafundi wetu huiita ambreyaji, tunashusha gia, tunaachia. Ile nafasi uliyoiminya klachi, injini imeachana na tairi, na kwa kuwa mafuta umeyafunga, mizunguko yake inashuka, labda mpaka 2,000 au chini ya hapo. Ukiachia klachi kwa ghafla, tairi inakuta injini iko 2,000 nayo inaitaka 6,000. Nani ataipandisha? Tairi yenyewe, kwa nguvu, kupitia kwenye cheni. Kwenye lami kavu utahisi mshtuko, abiria atakugonga mgongoni, cheni italia na sahani za klachi zitaumia. Kwenye lami iliyolowa, au penye mchanga, tairi haina pa kushika. Itaserereka.

Akatupa mfano ambao kila mtu wa nchi hii ataufahamu. "Ustadhi, umewaona wale vijana wa baiskeli wa mlima wa Bugarama, wanaoshika malori nyuma ili yawavute juu?" Tukasema tumewaona. Hatuwasifu, kwani jambo lile limeua wengi. "Yule kijana halishiki lori akiwa amesimama. Lori lingemng'oa bega. Anapiga pedali kwanza mpaka mwendo wake uwe sawa na wa lori, ndipo ananyoosha mkono. Hata klachi inataka hivyo hivyo. Kwanza injini ifike mwendo wa tairi, ndipo uziunganishe."

Na kile tulichokifanya sisi kwenye kona kilikuwa kibaya zaidi, kwani tulitoka kwenye fri. Kwenye pikipiki ndogo nyingi, ukiwa fri gia iliyo karibu nawe ni ya 1. Tulipokanyaga kwa hofu tukaingia gia ya 1 kwa mwendo wa kilomita 40, na injini yenyewe inanguruma usingizini. Kwa hesabu ile ile, injini ingetakiwa ifike mara 10,000 na zaidi, hesabu ambayo haikutengenezewa. Tairi ikashindwa kuizungusha, ikasimama.

JINSI YA KUFANYA

Siku zilizofuata alitupeleka kwenye kipande cha njia kilichonyooka, asubuhi mapema kabla ya magari. Somo lenyewe ni fupi, lakini linataka marudio kama yanavyotaka marudio masomo yetu ya herufi.

Kwanza, punguza mwendo kwa breki, ya mbele na ya nyuma pamoja, kwa kuminya taratibu na si kwa kukamata ghafla. Breki ya mbele tuliyokuwa tukiiogopa ndiyo yenye kazi kubwa, kwa sababu pikipiki ikipunguza mwendo uzito unahamia mbele na tairi ya mbele inashika zaidi. Inayomrusha mtu ni pupa.

Pili, minya klachi, na wakati ule ule wa kushusha gia, mpe resi kidogo. Zungusha mkono wa mafuta mara moja na uurudishe, kama mtu anayebisha hodi. Utaisikia injini ikisema "vum". Sauti hiyo ndiyo injini inayopanda kuifuata tairi.

Tatu, kabla sauti ile haijashuka, achia klachi kwa ulaini. Ukipatia, hutasikia mshtuko wowote. Pikipiki itaingia kwenye gia ya chini kama ufunguo unavyoingia kwenye kitasa chake.

Nne, shusha gia moja moja. Kutoka ya 4 nenda ya 3, ingia kwanza, isikie, ndipo uende ya 2. Usishuke ngazi zote kwa mruko mmoja.

Wenye pikipiki zisizo na klachi ya mkono wasidhani wamesalimika. Kwenye nyingi za hizo, mguu unapokanyaga gia ndio unaofungua klachi, na unapouinua ndio unaoifunga. Basi kanyaga, shikilia hapo kidogo, mpe resi, kisha inua mguu taratibu.

Ukikosea upande wa resi nyingi, pikipiki itasukuma mbele kidogo. Ukikosea upande wa resi chache, itakuvuta nyuma. Sikio litakufundisha kiasi. Sisi wiki ya kwanza tulikuwa tunaruka kama mbuzi, na watoto wa njiani walicheka sana. Mwalimu wetu hakucheka. Kila tulipokosea alisema tu, "Tena, Ustadhi."

KUHUSU KUOKOA ESANSI

Tulimwambia kwamba yote haya ni mazuri, lakini esansi je? Akatuambia tufikiri vizuri. Ukiwa na fri, injini haijazimika. Inaendelea kunywa kiasi chake cha kusimama. Ukiwa ndani ya gia na mafuta umeyafunga, mteremko ndio unaoizungusha injini. Pikipiki zenye kabureta zitakunywa kidogo tu, na zile mpya za sindano ya mafuta zenyewe hukata esansi kabisa katika hali hiyo. Kwa hiyo unachookoa kwa fri ni kidogo mno, pengine hamna kitu, na unapoteza kile kinachokushika.

Kwani ukiwa ndani ya gia na mafuta yamefungwa, injini inakataa kuzungushwa bure, na kukataa kwake ndiko kunakoizuia pikipiki isikimbie. Hiyo ni breki isiyopata moto. Teremka kwa gia ambayo kwa kawaida ungepandia mlima huo huo, na breki zako uziwekee kona na mambo ya ghafla.

Wapo pia wanaozima injini kabisa. Hao tunawasihi kwa jina la Mwenyezi Mungu waache. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele hutegemea injini, hivyo ukizima usiku umejitia upofu na umewatia upofu wanaokuja.

Jambo la mwisho katika mlango huu. Injini inapokupunguza mwendo, taa ya nyuma ya breki haiwaki, na lori lililo nyuma yako halijui kwamba umepunguza. Gusa breki kidogo ili taa iwake.

DENI LETU LA ZAMANI

Sasa tunarudi pale tuliposema tutaeleza.

Siku moja ya mazoezi, tukiwa tumekaa kando ya njia tunapumzika, tulimuuliza kwa nini aliiacha madrasa. Jibu tulilijua. Tulitaka kulisikia kwake, au pengine tulitaka asituambie.

Ilikuwa mwaka 2008. Yeye alikuwa na miaka 11, na alikaa na wenzake katika darasa la msahafu. Sisi tulikuwa vijana, wakali, tunapenda darasa liende mbio. Siku moja tukamwita asome, tukagundua kwamba alikuwa hasomi kweli. Alikuwa anakariri kwa kusikia wenzake, na herufi zenyewe hazijui vizuri. Tukamwambia mbele ya watu wote achukue vitu vyake, akakae na watoto wa alifu. Watoto wale walikuwa na miaka 5 na 6. Akachukua vitu vyake, akakaa nao mpaka mwisho wa kipindi, magoti yake yamepita juu ya benchi lao. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Baada ya mwezi tukalifuta jina lake kwenye daftari na tukasema hakuwa na hamu ya kusoma.

Akatujibu kwa utulivu. "Ustadhi, kunirudisha nyuma halikuwa kosa. Nilikuwa sijui herufi kweli, na mwenyewe nilikuwa naogopa kila siku kwamba utanigundua. Lakini uliniachia ghafla."

Hakusema zaidi, wala hakukusudia fumbo. Ni sisi tuliokaa pale tukaitazama ile pikipiki na tukaelewa kwamba tulimfanyia yale yale tuliyomfanyia mwanetu kwenye kona. Mwendo wa mtoto wa miaka 11 ni mwendo wake. Ana wenzake, ana heshima yake nyumbani, ana dada zake wadogo wanaomuona mkubwa. Ukimshusha ngazi bila kumtayarisha, yote yale yanavutwa kwa mara moja, na hapo ataserereka. Sisi tulidhani kushusha ni kazi rahisi ya mwalimu: unaamuru, mtoto anahama. Kumbe kushusha ndiko kunakomtaka mwalimu aongeze nguvu. Ilitupasa sisi ndio tupande kumfuata alipo, tukae naye peke yake, tumwambie tumeona tatizo na kwamba lina dawa, tuongee na wazazi wake, tumpe wiki mbili za kufundishwa herufi jioni pasipo macho ya watu. Pengine asingehitaji hata kuhama.

Tulimwomba msamaha. Alicheka kidogo, akainamisha kichwa na kusema, "Yamekwisha, Ustadhi." Hatudhani kwamba yamekwisha yote. Kuna miaka ambayo haiwezi kurudi. Lakini alikubali jambo moja tulilomwomba: kila siku ya Ijumaa baada ya Alasiri, anapofunga kazi mapema, anakuja nyumbani kwetu na tunasoma herufi pamoja, yeye na sisi tu, mlango umefungwa. Sasa ni mwaka wa tatu. Anasoma msahafu mwenyewe, polepole, kwa kuangalia. Na madrasani kwetu hakuna tena mtoto anayeshushwa darasa mbele ya wenzake. Tunaanza na mtoto mwenyewe faraghani, kisha wazazi, kisha wiki kadhaa za msaada, na ikilazimika kuhama anahama siku ambayo na wengine wanahama, na anapewa kazi ya kuwasaidia wadogo ili awe na cheo huko aendako.

WITO KWA WAZAZI NA VIJANA

Wazazi wengi wa mwambao huu, kutoka Bujumbura mpaka Nyanza-Lac, mnauza shamba la michikichi au mnakopa kwa jamaa ili kijana apate pikipiki ya kazi. Ni jambo jema, na riziki ya halali ni heshima. Lakini mnampa chombo na hamumpi mwalimu. Tunawashauri mambo manne.

Mtafutieni motari mzoefu, mtulivu, akae naye walau siku saba kabla hajabeba abiria. Mlipeni, kwani elimu hii nayo ina haki yake.

Mwulizeni kijana anavyoteremka. Akisema anateremka na fri, mkatazeni. Akisema hajui kumpa resi wakati wa kushusha gia, asibebe mtu mpaka ajue.

Mwangalie barabara zetu zilivyo. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda mpaka mitaa ya kando ikafurika, na kila mvua kubwa huacha mchanga na tope kwenye lami. Tairi iliyokwisha meno haifai hapo, hata mwendeshaji awe hodari namna gani.

Na helmeti iwe ya abiria pia. Mwanetu siku ile hakuwa nayo. Alivunjika mkono, na kila tunapofikiri kwamba kingeweza kuwa kichwa, tunanyamaza.

Wapo watakaosema kwamba ajali ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Ni kweli, na sisi tunasomesha hivyo. Lakini mkono uliotupa klachi siku ile ulikuwa wetu, na tutaulizwa juu yake.

Mwanetu sasa ana miaka 12. Mkono umenyooka, ila siku za baridi analalamika. Bado tunapanda naye Jumamosi, na kwenye kona ile, tunapoisikia injini ikipanda na pikipiki ikashuka gia bila mshtuko, hutugonga begani kwa kidole na kusema, "Hapo, Baba, umepatia." Siku tukikosea pia husema.

Tunawaombeni dua zenu, na aliye na la kuongeza au kusahihisha asisite kutuambia, kwani sisi bado ni wanafunzi katika hili.